SOMO LA MAKATIBU: KULINDA TOVUTI NA MIFUMO YA CHAMA DHIDI YA ROBOTI HARIBIFU

Katibu wa chama cha msingi mjini Kharumwa hufunga ofisi yake jioni, hutia kufuli, humkabidhi mlinzi ghala, kisha huenda nyumbani. Zamani hapo ndipo kazi ya ulinzi ilipokamilika kwa siku hiyo. Daftari la wanachama lilikuwa kabatini, stakabadhi zilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na mwizi aliyetaka kuzifikia hakuwa na budi kuja hadi Kharumwa kwa miguu yake mwenyewe.

Leo sehemu kubwa ya daftari hilo haimo tena kabatini. Taarifa za vyama hupelekwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Dengu na choroko za Kanda ya Ziwa zimeingia katika minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, ambayo huendeshwa kwa kompyuta. Malipo ya mkulima hupitia benki au simu yake ya mkononi, na vyama vya akiba na mikopo vinazidi kufungua tovuti ambamo mwanachama huangalia salio lake. Milango hiyo yote haifungwi jioni. Nao wanaoijaribu usiku kucha, kwa sehemu kubwa, si watu.

Roboti inayozungumzwa katika somo hili si mtu wa chuma. Ni programu ya kompyuta iliyoandikwa ili ifanye kazi moja kwa kurudiarudia, kwa haraka isiyowezekana kwa binadamu, bila kuchoka wala kulala. Zipo roboti njema. Mtu anapoandika neno katika Google na kupata jibu, ni kwa sababu roboti za kampuni hiyo zilikwisha kupita katika tovuti nyingi na kuandika kumbukumbu ya kilichomo. Tangu mwaka 1994 umekuwapo utaratibu wa kuweka katika tovuti faili dogo la maelezo, linaloziambia roboti wapi zipite na wapi zisipite. Lakini faili hilo ni kama kibao kilichoandikwa “Usipite Shambani”: mwenye adabu hukisoma na kuzunguka, na mwizi hukisoma na kujua shamba liko wapi. Kwa hiyo chama kisidhani kwamba kibao ni ua.

Roboti haribifu hufanya mambo mengi, lakini kwa katibu wa chama mawili ndiyo makubwa. La kwanza ni kuufurika mfumo hata ushindwe kuhudumia wenyewe. La pili ni kujaribu funguo za mlango mpaka mmoja ukubali.

MAFURIKO

Mkulima wa mtama au mpunga katika Shinyanga na Geita anamfahamu kweleakwelea. Ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 tu kwa siku, na hakuna mkulima ambaye angepoteza usingizi kwa gramu 10. Lakini kundi la ndege milioni moja hula tani 10 kwa siku. Wala haiwezekani kulimaliza kundi hilo kwa kombeo, kwani kila jiwe humfukuza mmoja na nyuma yake wapo maelfu. Kuamia ndege juu ya dungu hufaa pale wanapokuwa wachache. Wakija kwa makundi makubwa, kazi hiyo huwa ya Serikali na ndege yake ya kunyunyizia dawa.

Mafuriko ya mtandao ni jambo la namna hiyo hiyo. Tovuti hukaa katika kompyuta iitwayo seva, na kila mtu anayeifungua tovuti hupeleka ombi kwa seva hiyo ili ijibiwe. Seva ina kiasi chake cha kujibu, kama karani wa mizani alivyo na kiasi chake cha kupima magunia kwa siku. Mharibifu huagiza kompyuta nyingi mno zipeleke maombi ya bure kwa wakati mmoja, mfano wa watu 2,000 waliokuja ghalani na magunia matupu wakapanga foleni. Hakuna aliyevunja kufuli wala aliyeiba gunia. Ila mkulima aliyeleta dengu zake hatafika kwenye mizani siku hiyo.

Majirani zetu wa Kenya walilipata pigo la namna hii katika juma la mwisho la Julai 2023. Chini ya mwezi mmoja kabla yake, tarehe 30 Juni 2023, Serikali yao ilikuwa imezindua mpango wa kuziweka huduma zake zaidi ya 5,000 katika tovuti moja iitwayo eCitizen: hati za kusafiria, leseni za udereva, viza, usajili wa biashara, na nyinginezo. Tarehe 27 Julai Serikali ilikiri hadharani kwamba mfumo ulikuwa umeshambuliwa. Eliud Owalo, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano wakati huo, alieleza kwamba wavamizi waliujaza mfumo kwa maombi mengi kupita kawaida, na kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya, likidai kwamba Kenya ilikuwa ikiingilia mambo ya Sudan.

Yafaa makatibu watazame ni nani hasa aliyeumia. Ugomvi, kwa madai ya kundi hilo, ulikuwa baina yake na Serikali. Lakini walioshindwa kununua umeme wa luku yao kwa simu walikuwa wananchi wa kawaida, na hali kadhalika abiria waliotaka kukata tiketi za treni. Wageni walioshindwa kuomba viza kwa mtandao iliwalazimu wapewe viza walipowasili. Jambo hilo la viza lina funzo lake: palikuwapo njia ya zamani, yenye karatasi na mhuri, nayo iliweza kurudishwa kazini siku hiyo hiyo. Pale ambapo njia ya zamani ilikuwa imekwisha kuzikwa, watu walingoja.

Mwezi Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, wakiwadai kuwa ndio waliokuwa nyuma ya kundi hilo. Kwa mujibu wa mashtaka, chombo chao kilitumika katika mashambulizi zaidi ya 35,000 kwa muda wa kama mwaka mmoja, hospitali moja ya Los Angeles ikiwa miongoni mwa walioshambuliwa. Nacho chombo hicho kilinyang'anywa na wapelelezi mwezi Machi 2024. Tena ilidaiwa kwamba hawakukitumia peke yao, bali walikikodisha kwa wengine. Hapo ndipo penye jambo la kuogofya kidogo. Mtu mwenye chuki na chama, mathali mnunuzi aliyekuwa akizoea kununua dengu mashambani kwa bei ya chini na sasa anazuiwa na mnada, hahitaji kuwa na elimu ya kompyuta. Akiwa na fedha, ataukodi uharibifu kama anavyokodi lori. Mwaka 2016 kampuni moja ya simu ya Liberia ilishambuliwa hivyo. Na mwezi Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimhukumu Mwingereza aliyelipwa na mtu wa kampuni shindani kuifanya kazi hiyo.

FUNGUO ZA MLANGO

Huenda msomaji akauliza kompyuta nyingi hivyo hutoka wapi. Nyingine hukodiwa katika makampuni makubwa ya kompyuta, kama walivyodaiwa kufanya wale ndugu wawili. Lakini mara nyingi huwa ni mali ya watu wasio na habari. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai ilizagaa duniani ikivikamata vyombo vidogo vilivyounganishwa na intaneti, hasa kamera za ulinzi na vile visanduku vya kugawia intaneti majumbani. Haikutumia ujanja mkubwa. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri yasiyozidi 70, ambayo viwanda huviwekea vyombo vyao kabla ya kuviuza, ikayajaribu moja baada ya jingine. Wenye vyombo hawakuwahi kuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo vilivyokamatwa vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kufungua tovuti mashuhuri, Twitter na Netflix zikiwamo.

Kwa hiyo katibu anayefunga kamera katika ghala la chama na kuliacha neno la siri alilolikuta kiwandani hajaweka mlinzi. Ameajiri mtu ambaye mchana hulinda ghala na usiku huenda kuvunja nyumba za wengine.

Na hapa liko kosa linalosikika mara nyingi katika vyama vidogo: “Nani atatutafuta sisi huku Nyang'hwale?” Ni kweli kwamba hakuna anayekitafuta chama kwa jina lake. Lakini roboti haimtafuti mtu. Katika ukanda huu wa dhahabu watu wamewaona wachimbaji wadogo wanaotembea na sululu wakijaribu kila mwamba. Hawaulizi kwanza kama mwenye shamba ni tajiri, huchukua kokoto, huponda, huosha, na wakikosa husogea hatua tano mbele. Ndivyo roboti inavyopita katika tovuti za dunia. Hujaribu mlango wa benki kuu na mlango wa chama cha wanachama 80 kwa juhudi ile ile, kwa kuwa haina gharama ya kutembea.

Sasa na ifanywe hesabu, maana hesabu huonyesha zaidi ya maonyo. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyo 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Roboti ikiruhusiwa kujaribu mara 10 kwa sekunde, itaimaliza yote kwa sekunde 1,000, yaani chini ya dakika 17. Katibu atakuwa hajamaliza kunywa chai. Lakini mfumo ukiwekewa kanuni kwamba baada ya makosa 5 mlango ujifunge kwa dakika 15, itahitaji vipindi 2,000, navyo ni dakika 30,000, yaani saa 500, karibu siku 21. Kanuni moja ndogo imezigeuza dakika 17 kuwa wiki 3, na katika wiki 3 mwenye macho ataona.

Neno la siri likiwa na herufi ndogo 8 zilizochanganywa ovyo, michanganyo hupita bilioni 208, na kwa mwendo ule ule wa mara 10 kwa sekunde roboti ingehitaji zaidi ya miaka 600. Lakini msisitizo uwe kwenye neno “ovyo”. Jina kharumwa lina herufi 8, nalo halifai hata kidogo, kwani roboti huanza na maneno yanayojulikana: majina ya miji, ya watu, ya timu za mpira, na ile 123456 ambayo haijaacha kupendwa. Kuongeza mwaka mwishoni mwa jina la mji si ulinzi. Roboti nayo ina kalenda. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyoungwa pamoja, hukumbukika kwa katibu na humchosha mharibifu.

Ziko roboti zinazoikwepa kanuni ya makosa 5. Hazijaribu funguo nyingi katika mlango mmoja. Huchukua ufunguo mmoja unaopendwa na watu na kuujaribu katika milango yote ya wanachama, mara moja tu kila mlango, kisha huondoka. Hakuna mlango utakaojifunga. Nyingine hubeba orodha za majina na maneno ya siri yaliyoibwa kwingine, zikitumaini kwamba mtu hutumia neno moja kila mahali, na kwa bahati mbaya watu wengi hufanya hivyo. Dawa yake ni mfumo kuyakataa maneno yanayojulikana tangu mwanzo, kila mtumishi kuwa na jina lake na neno lake mwenyewe, na kuongeza kufuli la pili: namba ya uthibitisho inayoletwa katika simu ya mhusika au kutolewa na programu iliyomo ndani ya simu hiyo. Neno likiibwa, mwizi bado hana simu. Ila namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni fundi kutoka mkoani.

Kufuli hili la pili nalo lina mdudu wake, ambaye vyama vya akiba na mikopo yafaa wamfahamu. Roboti yaweza kuibonyeza mara maelfu sehemu ya tovuti inayotuma namba kwa ujumbe wa simu. Kila ujumbe hulipiwa na chama. Asubuhi mhasibu hukuta fedha za ujumbe zimekwisha, na wanachama wa kweli hawapati namba zao. Mfumo uwekewe kikomo cha ujumbe kwa kila simu na kwa kila saa, na kabla ya ujumbe kutumwa mtu apewe lile jaribio dogo la kutambua picha au kutia alama. Majaribio hayo hayazuii roboti zote siku hizi, lakini hupunguza.

YA KUULIZWA FUNDI

Vyama vingi havina fundi wake. Hulipa kampuni au kijana wa mjini awatengenezee tovuti. Hakuna ubaya. Ubaya ni pale kamati inapotia sahihi mkataba bila kuuliza neno, kwa kuona haya ya kutojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wengi wao wasiojua kusoma, waliona kwamba mizani ya wanunuzi haiaminiki. Wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuihakiki, wakaunda vyama, na mwaka 1955 chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani ukapatikana Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Hawakungoja wajue kutengeneza mizani ndipo waruhusiwe kuihoji.

Basi kamati imuulize fundi: Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la chama au la kwake? Jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi, kwani fundi anayemiliki jina la tovuti ya chama aweza kukidhuru kuliko roboti yoyote. Programu zinazoendesha tovuti husasishwa lini, na na nani? Roboti hupita zikitafuta programu za zamani zenye kasoro zilizokwisha kutangazwa, na tovuti isiyoguswa kwa miaka miwili ni kama nyumba ambayo ramani ya dirisha lake bovu imebandikwa sokoni. Tena, je, kampuni inayohifadhi tovuti ina chujio la mafuriko? Chujio hilo halifanyi kazi ndani ya seva ya chama, bali mbele yake, katika mitambo mikubwa inayoweza kupokea maombi mengi na kuyatenga ya bure na ya kweli. Kama ilivyo kwa kweleakwelea, hiyo si kazi ya mkulima mmoja na kombeo lake. Na mwisho, nakala ya kumbukumbu hufanywa kila lini, na imewekwa wapi? Nakala iliyomo katika seva ile ile itazama pamoja nayo.

Mtumishi anapoacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku anayokabidhi funguo za ofisi. Wakaguzi hukuta mara kwa mara majina ya makarani waliohama zamani yakiwa bado hai katika mifumo. Mlango wa namna hiyo hauna mtu wa kuona kwamba umejaribiwa.

SIKU MFUMO UNAPOSIMAMA

Chama chochote kitapata siku ambayo mfumo haufunguki, iwe kwa roboti, iwe kwa umeme, iwe kwa mtandao wa simu. Msimu haungoji. Kwa hiyo daftari la mapokezi ya ghala liendelee kuandikwa kwa kalamu hata wakati mfumo ni mzima: jina la mkulima, namba yake ya uanachama, uzito, tarehe, na sahihi ya pande mbili. Mfumo ukirudi, yaliyo katika daftari yalinganishwe na yaliyo katika kompyuta kabla ya malipo yoyote kuidhinishwa, na namba za akaunti za wakulima zitazamwe upya. Mharibifu aliyefungua mlango haibi gunia; hubadili namba ya akaunti, na fedha za mkulima wa msimu mzima huenda kwa asiyemjua, kwa amri iliyoonekana halali.

Kiongozi mmoja ateuliwe kuwa na simu za kampuni inayohifadhi tovuti, za benki, na za Afisa Ushirika wa Wilaya, zimeandikwa kwenye karatasi na si ndani ya kompyuta iliyosimama. Taarifa ipelekwe Polisi, kwa kuwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe wa simu wa kitapeli nao hupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Chama kikumbuke pia kwamba majina, simu na akaunti za wanachama ni amana kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kusema “ni roboti” hakutakiondolea chama wajibu huo.

MASWALI YA KIKUNDI CHA KUJIFUNZA

1. Ni watu wangapi wanaweza kuingia katika mifumo ya chama chenu leo? Yaandikwe majina yao, kisha yalinganishwe na orodha ya watumishi.

2. Namba ya siri ya tarakimu 6 ina michanganyo mingapi, na roboti inayojaribu mara 10 kwa sekunde itahitaji saa ngapi kuimaliza ikiwa mlango haujifungi?

3. Mfumo ukisimama siku ya mnada, nani katika chama chenu ana mamlaka ya kuamua kwamba mapokezi yaandikwe kwa kalamu, na vitabu vya kuandikia viko wapi?

4. Jina la tovuti ya chama chenu limesajiliwa kwa jina la nani? Katibu alete uthibitisho wa maandishi katika mkutano ujao wa kamati.